Kitendawili na Mji Wake: Mchezo katika Historia ya Kufundisha Kiswahili nchini Kenya

Katika mijadala ihusuyo mbinu za kufundisha lugha, mchezo aghalabu hutajwa kana kwamba ni kitu kilichovumbuliwa Ulaya, kisha kikaletwa Afrika ya Mashariki pamoja na vitabu vya kiada, kadi za picha na ubao wa kubandikia. Dhana hii ina chanzo chake. Mnamo 1965 W. R. Lee alitoa kitabu chake kiitwacho *Language Teaching Games and Contests*, na mwaka 1979 Andrew Wright na wenzake wakatoa *Games for Language Learning*. Vitabu hivi vilienea katika vyuo vya ualimu wa Kiingereza, na mwalimu aliyevisoma aliweza kudhani kwamba kabla yake darasa la lugha lilikuwa mahali pa kukariri tu. Huko Ulaya kwenyewe wazo hilo ni la kale zaidi: katika karne ya 17 Comenius alitunga michezo ya kuigiza ili wanafunzi wapate kukizoea Kilatini kwa kukisema, akauita mkusanyo huo *Schola Ludus*, yaani shule iliyo mchezo.

Makala haya hayakusudii kugombania nani aliyetangulia. Yanakusudia kuuliza swali jembamba zaidi, ambalo laweza kuulizwa juu ya kila mchezo uliowahi kutumiwa kufundishia lugha: je, katika mchezo huu anayenyamaza hushinda au hushindwa? Historia ya kufundisha Kiswahili nchini Kenya, ikitazamwa kwa swali hilo, yaonyesha mageuzi ambayo si rahisi kuyaona katika ripoti za tume za elimu.

Kitendawili ndicho mfano bora wa kuanzia, kwa sababu kila msomaji anakijua, na huenda kwa sababu hiyo hiyo hakitazamwi kwa makini. Mtegaji hutamka, "Kitendawili!" Wasikilizaji huitikia, "Tega!" Naye hutega, tuseme, nyumba yake isiyo na mlango. Hapo wasikilizaji huanza kubahatisha. Mmoja atasema ni kaburi, mwingine ni mtungi, wa tatu ni yai. Akipatikana aliyetegua, zamu huweza kuwa yake. Wasipopata hukiri kwamba wameshindwa, na mtegaji hudai haki yake: "Nipeni mji." Wanampa, kwa mfano, Lamu. Yeye aweza kuukataa mji huo kwa kuwa ni mdogo au kwa kuwa ameshaupata jana, akadai mwingine mpaka aridhike. Akisharidhika husimulia safari yake: alikwenda Lamu, akafika, akapokewa, akala kadha wa kadha, wenyeji wakamwuliza habari ya ile nyumba isiyo na mlango, naye akawaambia kwamba ni yai.

Vitabu vingi vya shule huishia kwenye jibu, na safari huachwa kama kwamba ni pambo. Kumbe ndani ya safari ndimo lilimo somo kubwa la lugha. Mtoto anayesimulia jinsi alivyokwenda mjini analazimika kuanza kwa kiambishi -li- na kuendelea kwa -ka- katika mfululizo wa vitenzi: nilikwenda, nikafika, nikakaribishwa, nikaketi. Hakuna jedwali la nyakati linaloweza kumfanya mtoto akitumie -ka- kwa hamu kama huu ushindi wake mwenyewe. Hali kadhalika kudai mji humtia katika amri ya wingi, kukataa mji humtia katika ukanushi, na kutaja mahali humtia katika upatanisho wa PA-KU-MU, ambao walimu wa sekondari hulalamika kwamba wanafunzi hawaushiki. Na wale walioshindwa nao hawakukaa bure, kwa kuwa kila jibu walilobahatisha lilikuwa sentensi iliyosemwa mbele ya watu na kupimwa na watu.

Yafaa kukubali hapa pingamizi moja yenye uzito. Majibu ya vitendawili vingi yalikuwa yamethibiti. Mtoto aliyekwisha kuvisikia mara nyingi hakufikiri, alikumbuka tu. Ni kweli. Lakini anayekumbuka naye alipaswa aseme, tena aseme upesi kabla ya mwenzake. Aliyekuwa hana la kusema alilipa mji. Kwa maneno mengine, katika mchezo huu kimya kilikuwa na gharama, ijapokuwa gharama yenyewe ilikuwa ya kuchekesha.

Mchezo wa pili ni kinyume, ambao leo wajulikana na wachache kwa jina hilo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu huko, aliona umuhimu wa kuutaja katika sarufi yake ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1870. Msemaji huchukua silabi ya mwisho ya neno akaitanguliza, hivi kwamba *kitabu* huwa *bukita*, na *nyumba* huwa *mbanyu*. Vijana waliutumia kufichana siri. Mwanaisimu hawezi kuupita mchezo huu bila ya kusimama kidogo. Mtoto asemaye *mbanyu* amejua, bila kufundishwa na mtu, kwamba silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu na kwamba *mb* yote ni ya silabi ya pili. Hawezi kulikata neno lile baada ya *m*, kama afanyavyo mgeni aliyezoea lugha za silabi funge. Tena amejua kwamba mkazo haukai na silabi yake ya asili bali huhamia silabi ya pili kutoka mwisho katika neno jipya. Mambo haya mawili huchukua saa kadhaa za mhadhara kuyaeleza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na bado baadhi yao hukosea katika mtihani.

Si vibaya kuongeza kwamba kinyume hakikufa. Neno *risto*, litumikalo katika Sheng kwa maana ya hadithi, ni *stori* iliyopinduliwa kwa kanuni ile ile. Walimu wanaoilaumu Sheng kwamba inaharibu Kiswahili huenda wangeipunguzia lawama kidogo kama wangetambua kwamba baadhi ya mbinu zake zilikuwa zikichezwa Unguja zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Watu wazima nao walikuwa na uwanja wao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alikuwa bingwa wa kufumba na kujibizana kwa mashairi, na mashairi yake yaliokolewa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor kabla ya kuchapishwa na Hichens mwaka 1940. Uwanja huo ulikuwa wa siasa na uhasama wa miji, si wa darasa. Unatajwa hapa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba sheria yake ilikuwa ile ile ya kitendawili cha watoto: aliyefumbiwa sharti ajibu, na asiyejibu ameshindwa.

Lakini haifai pwani ya kale ipambwe kupita kiasi. Penye vitendawili palikuwapo pia chuo, ambamo mtoto alikaa mbele ya mwalimu na ubao wake, akakariri aya za Kiarabu ambazo mara nyingi hakuzifahamu maana, na fimbo ilikuwapo. Mchezo na ukariri viliishi mtaa mmoja. Tofauti ni kwamba chuo kilifundisha kusoma Kurani, na hakuna aliyedai kwamba kinafundisha Kiswahili. Kiswahili kilijifunzwa uani, barazani na mchezoni. Shule ya kisasa ndiyo iliyokichukua Kiswahili kutoka uani na kukiingiza chini ya fimbo.

Hatua ya kwanza ya uhamisho huo ilikuwa ya nia njema. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada yake wamisionari wengi walijifunza lugha kwa njia ambayo hapana mwalimu wa kisasa atakayeikosoa, yaani kwa kukaa na wasemaji na kuandika waliyosimuliwa. Ngano alizozichapisha Steere katika *Swahili Tales* mwaka huo huo wa 1870 zilitoka vinywani mwa Waswahili. Hata hivyo kalamu ina tabia yake. Ngano inaweza kuandikwa ikabaki ngano, kwa sababu msimulizi wake ni mmoja. Kitendawili kina wasemaji wengi, na kikiandikwa hubaki mistari miwili: fumbo na jibu lake. S. S. Farsi, katika kitabu chake cha pili cha misemo ya Unguja kilichotolewa mwaka 1958, alihifadhi vitendawili ambavyo pengine vingepotea, na watafiti wana haki ya kumshukuru. Lakini mwalimu aliyechukua mkusanyo wa namna hiyo akaingia nao darasani alikuwa na orodha mkononi, na orodha humwita mtu aikariri. Mji, ambao haukuwa na jibu moja na kwa hiyo haukuweza kuorodheshwa, ulidondoka njiani.

Wakati huo huo darasani ulikuwa ukichezwa mchezo mwingine, ambao haukupata kuandikwa katika kitabu chochote cha mbinu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameueleza katika *Decolonising the Mind* (1986), na wasomi wengi wa Kenya wa rika lake na wa marika yaliyofuata wanaukumbuka. Mwanafunzi aliyesikiwa akisema lugha ya mama katika eneo la shule alipewa kifungo cha nguo, au kibao, au kitu kingine cha kuaibisha. Yeye alipaswa kuwavizia wenzake ampate wa kumkabidhi. Kitu hicho kilizunguka mchana kutwa, na mwisho wa siku aliyekutwa nacho alitaja aliyempa, naye wa pili akamtaja wa kwanza wake, hata mnyororo mzima ukajulikana na wote wakaadhibiwa. Katika shule nyingi Kiswahili nacho kilihesabiwa miongoni mwa lugha zilizokatazwa nje ya kipindi chake. Mtu aweza kutafakari kwamba katika Kiswahili *kifungo* ni kishikizo cha shati na pia ni adhabu ya gerezani. Watoto hawakuhitaji mwanaisimu awaonyeshe.

Mbinu hii haikubuniwa Afrika. Katika karne ya 19 watoto wa Wales waliosema Kiwelisi walivikwa shingoni kibao kilichoitwa Welsh Not, nao watoto wa Brittany, nchini Ufaransa, walipitishiana kitu kilichoitwa *symbole* kwa kosa la kusema Kibretoni. Ilisafiri kutoka shule hadi shule kama zisafirivyo mbinu nyingine za ualimu.

Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba huu ulikuwa mchezo kamili. Una kitu kinachopokezanwa, una zamu, una mshindwa, una watazamaji, una saa ya kwisha. Wala haukosi msisimko. Watoto waliucheza kwa bidii. Isipokuwa kanuni yake ni kitendawili kilichogeuzwa juu chini. Katika kitendawili anayenyamaza hulipa mji; katika kifungo anayesema ndiye alipaye, na aliye salama ni yule afungaye kinywa. Tena sikio la mtoto, ambalo katika kitendawili humsikiliza mwenzake ili limjibu, hapa humsikiliza ili limkamate. Athari ya jambo hili katika ujifunzaji wa lugha haikuishia katika lugha ya mama iliyopigwa marufuku. Hata hicho Kiingereza kilichokusudiwa kukuzwa kilipata wanafunzi waliojifunza kwanza kwamba kunyamaza ni salama. Walimu wa sekondari waliowalaumu wanafunzi wao kwa kukaa kimya walikuwa wakivuna zao la shamba ambalo wengine walilipanda.

Ndipo mchezo ukarudi, lakini kwa mlango wa mbele na kwa lugha nyingine. Mwaka 1957 kilianzishwa Nairobi Kituo Maalumu cha Wizara ya Elimu kilichotayarisha Mbinu Mpya ya Shule za Msingi, iliyojulikana kwa kifupi kuwa NPA. Ilianzia katika shule za Waasia ikaenezwa katika shule za Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiingereza kilitumiwa kufundishia tangu darasa la kwanza, na watoto waliruhusiwa kuimba, kuigiza, kushika vitu, kuuza na kununua katika duka la kuigiza, kufanya kazi kwa vikundi. Kwa upande wa mbinu, huu ulikuwa ukombozi, na haifai kuubeza. Walimu waliofunzwa vyema waliona watoto wakisema lugha ngeni katika miezi michache. Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliiunga mkono njia hii.

Matokeo yake kwa Kiswahili yalikuwa ya ajabu. Mtoto yule yule aliyecheza katika kipindi cha Kiingereza alipoingia katika kipindi cha Kiswahili, vilivyokuwa vichache, alikuta ngeli ubaoni. Mchezo ukawa mali ya Kiingereza, na Kiswahili, ambacho kilikuwa na michezo yake kabla ya shule yoyote kujengwa Nairobi, kikajulikana kwa watoto kuwa somo la majedwali. Sababu si uvivu wa walimu. Mtihani wa CPE haukutahini Kiswahili, kwa hiyo fedha, vitabu na semina vilielekezwa kwingine. Na mwalimu asiye na kitabu hufundisha kile alichofundishwa yeye. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipopendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, wengi walishangilia, na walikuwa na haki.

Pendekezo hilo lilitimizwa mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza na Kiswahili kikaingizwa katika mtihani wa KCPE. Hapana shaka kwamba hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya somo hili nchini Kenya: vitabu viliandikwa, walimu wakaajiriwa, idara za vyuo vikuu zikapanuka. Fasihi simulizi nayo ilipewa nafasi yake, na kitendawili kikarudi darasani rasmi. Lakini kilirudi katika sura gani? Mbali na insha, karatasi ya KCPE ilikuwa na maswali ya kuchagua. Kitendawili kiliandikwa, na chini yake majibu manne, A, B, C na D. Mtahiniwa alitia alama kwa penseli. Hakuna aliyemwambia "Tega!", hakuna aliyemdai mji, na kama alidhani nyumba isiyo na mlango ni kaburi, hapakuwa na baraza la kumsikiliza akijitetea. Mchezo mzima ulichezwa kimya, tena chini ya msimamizi aliyewekwa pale ili ahakikishe kwamba kimya hicho hakivunjwi. Maadamu mtihani ulikuwa hivyo, vitabu vya marudio vilichapisha orodha ndefu za vitendawili na majibu yake, na mwalimu aliyekuwa na darasa la nane mbele yake angekuwa mpumbavu kupoteza kipindi katika safari za Lamu.

Kwa kuwa kosa halikuwa la mtu mmoja, ni vigumu kulisahihisha kwa amri. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi, uliojaribiwa tangu 2017 na kuanza kutumiwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umevitaja vitendawili, vitanza ndimi, nyimbo na uigizaji miongoni mwa shughuli za kipindi cha Kiswahili. Juu ya karatasi, kinachotakiwa kimo. Tatizo lililobaki ni la hesabu na la desturi. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Mwalimu mwenye watoto 60 akigawa muda kwa haki, kila mmoja atasema kwa nusu dakika, na safari ya mjini haiwezi kufungwa katika nusu dakika. Kwa hiyo mwalimu hutega yeye, darasa zima huitikia kwa pamoja, wawili watatu hubahatisha, naye hutoa jibu. Sauti ni nyingi lakini wasemaji ni wachache. Isitoshe, katika jamii kadhaa za Kenya ilikuwa mwiko kutega vitendawili mchana, na huenda wazee waliona mbele: mchezo huu ulikuwa wa watu wachache walioketi karibu karibu usiku, kazi zikiwa zimekwisha, na hapana aliyekuwa akitazama saa.

Hata hivyo ukubwa wa darasa si sababu ya kuuacha mji. Ni sababu ya kumwondoa mwalimu katika kiti cha mtegaji. Kitendawili hakikuwa na mtegaji mmoja wa kudumu, na kundi la watoto wanane walio chini ya mwembe linaweza kuendesha shughuli nzima bila ya mtu mzima, mradi waambiwe kwamba ushindi si jibu bali ni safari. Mwalimu atapitapita akisikiliza, na makosa ya -ka- atayasahihisha baadaye, si katikati ya masimulizi. Makelele yatakuwapo. Mwalimu mkuu aliyelelewa katika zama za kifungo atachungulia dirishani, na hapo mwalimu atahitaji ujasiri kidogo.

Na miji yenyewe haina haja ya kuwa ya pwani. Zamani watoto walitoa Lamu, Pate na Mombasa kwa sababu ndiyo miji waliyokuwa wakiisikia. Mtoto wa Turkana aliyehamia Nakuru anaweza kupewa Lodwar, akaikubali kwa furaha, kisha akasimulia jinsi alivyofika, nani aliyempokea, alichopewa kula na kilichokuwa kikiuzwa sokoni, kwa maneno ambayo wenziwe hawana na ambayo mwalimu, kama hajapata kufika huko, itambidi amwulize maana yake.